Balozi, Kaa Chini

Ildefons alikataa kahawa.

Benadetha alikuwa amemsogezea kikapu kidogo cha buni zilizochemshwa na kukaushwa, kama anavyosogezewa mgeni yeyote pale Nshamba, awe rafiki au adui. Mgeni huchukua hata punje mbili akazitia mdomoni, ndipo maneno yaanze. Ildefons alikitazama kikapu, kisha akakisukuma kwa ncha ya kidole mpaka kikarudi upande wa wenye nyumba. Benadetha akabaki amepiga magoti, hajui anyanyuke au aendelee kungoja.

"Sikuja kutafuna," alisema Ildefons. "Nimekuja kama balozi wa nyumba kumi, na nimekuja kama mwenyekiti wa chama cha kuzikana."

"Karibuni wote wawili, Ta Ildefons," alisema Onesphory, mume wa Benadetha.

Alikusudia kulainisha hewa. Haikulainika. Na kabla mgeni hajajibu, sauti ya mwanamke mzee ilipasuka kutoka chumba cha ndani:

"Balozi! Acha kunilamba miguu, mpumbavu wewe! Balozi, nasema lala chini!"

Ildefons aliutazama mlango wa chumba, akamtazama Onesphory, akautazama tena mlango. Mishipa ya shingo ilimsimama.

"Umesikia?" aliuliza. "Au nyumbani kwako ni mimi peke yangu mwenye masikio?"

"Anamsema mbwa."

"Najua anamsema mbwa! Ndiyo maana nimekuja."

Buhaya mbwa hapewi jina hivihivi. Mtu aliyeibiwa ndizi na asiyetaka ugomvi wa wazi hununua mtoto wa mbwa, akamwita Wananijua. Kila jioni anamwita kwa sauti kubwa, na kule ng'ambo ya kibanja, shamba la migomba linaloizunguka nyumba, mwizi anakula chakula kisichoshuka kooni. Wote waliokuwa sebuleni pale walilelewa katika lugha hiyo. Baba mzazi wa Ildefons alifuga mbwa aliyeitwa Walishasema, na kijiji kizima kilijua ni kina nani waliokuwa wamesema.

"Ta Ildefons, huyu mbwa alikuja na jina lake," Onesphory alisema. "Wilbert, mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alikuwa mlinzi wa daktari mmoja Nshambya, kule Bukoba mjini. Daktari kahama nchi, kamwachia mbwa. Wilbert hana pa kumweka, kaniletea. Daktari ndiye aliyemwita Balozi, kwa sababu kila mgeni akija lazima amkimbilie amsalimie. Hakujua hata kama wewe upo duniani."

"Daktari hakujua. Mama yako je?"

Onesphory alikivuta kikapu cha buni, akakiweka kando.

"Tuache jina," Ildefons aliendelea, ingawa uso wake ulionyesha hajaliacha. "Mnyama mwenyewe ni rotwaila. Tumeona kwenye simu rotwaila akimrarua mtu. Taya likishabana, halifunguki. Mkia hana! Mbwa asiye na mkia utajuaje anawaza nini? Juzi kamwangusha mke wangu bombani, ndoo ya maji imempasukia."

"Alimwegemea tu. Ndivyo anavyosalimia, anamwegemea mtu kwa ubavu."

"Alikuwa ananguruma."

"Hunguruma akifurahi."

"Onesphory." Ildefons alisimama. "Ni mbwa gani ananguruma akifurahi? Na chui naye akifurahi hufanyaje, hulia?"

Alipofika mlangoni aligeuka. Alisema maneno yake taratibu, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi njiani. Mpaka Jumapili mbwa asiwepo. Akiwepo, nyumba hii imejitoa yenyewe katika chama cha kuzikana, na hakuna mwanachama atakayekanyaga hapa, kwa heri wala kwa shari.

"Mama yako tunajua alipofikia," alimalizia. "Siombi mabaya. Lakini ikitokea, mtachimba ninyi wawili."

* * *

Ma Annastella alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha chini, mwepesi kama ganda la mgomba lililokauka. Miguu yake, ambayo mablanketi yote ya nyumba ile yalikuwa yameshindwa kuipasha joto, ilikuwa imezama katika manyoya ya mnyama mweusi mwenye madoa ya kahawia juu ya macho. Mnyama alikuwa ananguruma. Ilikuwa sauti ya chini, ya kuendelea, kama mashine inayosikika kutoka kijiji cha jirani.

"Ameondoka?" aliuliza mama.

"Ameondoka. Mama, kwa nini unanifanyia hivi?"

"Nimefanya nini? Nimemkataza mbwa kunilamba."

"Umemwita mpumbavu, na mwenyewe amekaa sebuleni."

Mwanamke mzee alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, mbwa akainua kichwa kumtazama mpaka kikohozi kikaisha.

"Mwana wange," alisema, "baba yako alipanda milamula kwenye mpaka wetu na huyo Ildefons. Tulipomzika baba yako, miaka ile, ile milamula ikaanza kutembea. Leo iko huku, mwakani iko hatua moja ndani ya kibanja chetu. Mmea una miguu? Nilikwenda kushtaki. Ukitaka kushtaki, unaanzia kwa nani?"

"Kwa balozi."

"Kwa balozi. Nikamshtaki Ildefons kwa Ildefons. Akanisikiliza vizuri sana, akaniambia atalichunguza." Alifumba macho. "Nimenyamaza mpaka nimezeeka. Sasa Mungu ananiletea mbwa, tena na jina juu yake. Nimwite nani? Petro?"

"Hawatakuja kukuzika, mama."

"Watakuja. Ildefons atakuja, hata kama ni kuhakikisha nimekufa."

Onesphory hakucheka. Machoni pa majirani, nyumba isiyozikiwa wafu wake ni nyumba iliyolaaniwa; watoto wake hawaoleki, kahawa yake inakosa wa kusaidia kuchuma, na hata salamu njiani humezwa nusu. Aliiona hatima hiyo kwa Elieza wa kule bondeni, aliyetengwa na akaishia kuhamia visiwani Bumbire, kati ya watu wasiomjua. Onesphory hakuwa na kisiwa. Alikuwa na kibanja hiki, mke huyu, na mama ambaye alikuwa anakufa huku anafurahia.

Kesho yake asubuhi alijaribu njia iliyokuwa rahisi zaidi. Alisimama uani na kipande cha utumbo mkononi, akaita: "Simba! Simba, njoo!" Mbwa alikuwa amelala kwenye jua. Hakutikisa hata sikio. Onesphory akaita Jack, akaita Popi. Benadetha, aliyekuwa anamenya ndizi kibarazani, aliuma midomo.

"Jaribu jina la kwake," alisema mwishowe.

"Siwezi kulitaja hapa nje."

"Basi linong'one."

Mwanamume mzima, mwenye mke na kibanja, aliinama uani kwake mwenyewe akanong'ona: "Balozi." Mbwa aliruka akaja mbio, akamwegemea kwa ubavu hadi karibu wote wawili waanguke, akaanza kunguruma.

* * *

Jumamosi Onesphory alimpeleka mbwa Nshambya nyuma ya pikapu iliyopeleka kahawa Bukoba. Dereva alikubali kwa sharti kwamba mbwa afungwe mdomo. Hawakuwa na kitu cha kumfungia, basi Onesphory alivua mkanda wa suruali yake, akamfunga nao, na safari nzima akawa ameishika suruali kwa mkono mmoja na mbwa kwa mkono mwingine.

Wilbert aliwapokea nje ya geti la mwajiri wake mpya. Hakuwafungulia.

"Kaka, ungenipigia kwanza."

"Ningekupigia ungesema hapana."

"Hata sasa nasema hapana. Bosi ana mbwa wake wawili, na mimi mwenyewe nalala stoo. Nitamweka mfukoni?"

"Mtafutie mtu."

"Nani atamchukua mbwa mkubwa hivi? Watu wanataka watoto wa mbwa, wawafundishe wao." Wilbert alimtazama mbwa, mbwa akajibana kwenye nondo za geti, akinguruma kwa furaha nyuma ya ule mkanda. Mwanamke aliyekuwa anapita na mwavuli aliona meno na mkanda, akavuka barabara. "Mpige sindano," Wilbert alisema kwa sauti ya chini. "Kuna bwana mifugo. Hatasikia kitu."

"Mpeleke wewe basi. Wewe ndiye uliyeniletea."

Wilbert aliingiza mkono kati ya nondo, akamkuna mbwa kule juu ya jicho, kwenye doa la kahawia. Kisha akaurudisha mkono ndani.

"Siwezi, kaka," alisema.

"Na mimi unanionaje?"

Pikapu ilikuwa inarudi mchana. Walirudi nayo.

* * *

Jumapili, siku ile ile aliyoitaja Ildefons kuwa ya mwisho, Ma Annastella alifariki wakati jua linachomoza. Mbwa alikuwa miguuni pake. Benadetha aligundua kwa sababu ya ukimya: ile ngurumo iliyokuwa imezoeleka chumbani kama saa ya ukutani ilikuwa imekoma.

Mayowe ya Benadetha yalivuka migomba, na watu wakaja. Walikuja kwa wingi, wanaume na majembe, wanawake na mikungu ya ndizi kichwani. Walipofika kwenye milamula ya mpakani walisimama. Hakuna aliyevuka. Mbele yao alisimama Ildefons, amevaa koti jeusi, mikono nyuma.

Onesphory alitoka akawaona: majirani zake wote, wamepangana kama watu wanaosubiri kivuko, na maiti ya mama yake ndani. Kulikuwa na jambo moja la kufanya, kumuua mbwa, na panga lilikuwa ukutani. Alilichungulia lile panga. Mikono yake haikwenda.

Aliyemwokoa alikuwa Datius, katekista, mtu mfupi aliyependa amani na zaidi ya amani alipenda shughuli zimalizike kwa wakati.

"Mwenyekiti," alimwambia Ildefons mbele ya wote, "marehemu alikuwa mwanachama?"

"Alikuwa mwanachama."

"Aliwahi kukosa msiba wa mtu hapa?"

"Hakukosa."

"Basi marehemu hana mbwa. Mwenye mbwa ni mwanawe. Tumzike marehemu leo, mwanawe tutamhukumu kesho."

Watu walinung'unika kukubali. Ildefons alitafakari, akakosa mahali pa kuishika hoja ile, akatoa masharti: mbwa afungiwe kwenye stoo ya kahawa, na mlangoni wasimame vijana wa Kamugisha na mapanga. Akitoa hata pua, wammalize.

Onesphory alimvuta mbwa mwenyewe mpaka stoo. Hakumwita jina. Alifunga mlango wa mbao, akauegemeza kwa jiwe la kusagia, na wale vijana wawili wakasimama kila upande. Kamugisha mwenyewe, baba yao, mwanamume mpana mwenye sauti nzito, aliugonga mlango kwa ubapa wa panga.

"Tulia humo, chui," alisema.



* * *

Kaburi lilichimbwa kibanjani, kati ya migomba, kando ya mume wake. Padri alikuwa parokia nyingine, hivyo Datius aliongoza sala. Walikodi kipaza sauti, na spika kubwa ikaning'inizwa kwenye mti wa kahawa. Wimbo uliimbwa, sanduku likashushwa, na yote yakaenda vizuri mpaka Datius alipoitazama ratiba kichwani mwake.

"Sasa," alisema, na spika ikaitupa sauti yake mpaka barabarani, "namwomba balozi aje atoe neno."

Ildefons alikuwa nyuma kabisa, akinawa mikono. Hakusikia vizuri.

"Balozi!" Datius aliita. "Balozi wetu yuko wapi?"

Onesphory aligeuka kutazama upande wa stoo.

"Balozi, njoo mbele tafadhali! Njoo, Balozi, tunakusubiri!"

Mbao zilipasuka. Zilikuwa mbao za zamani, zilizoliwa na mchwa, na aliyekuwa nyuma yake alikuwa ameitwa mara nne kwa upole, kwa sauti kubwa kuliko yoyote aliyowahi kuitwa nayo. Vijana wa Kamugisha walikimbia kabla hawajakumbuka kuwa wana mapanga. Benchi lilianguka na wazee wake. Kina mama walivamia migomba, watoto wakapanda mibuni, na mbwa mweusi asiye na mkia akapita katikati ya wote hao bila kumgusa mtu, moja kwa moja mpaka kule sauti ilikokuwa inatoka.

Datius alikuwa ameshaacha kipaza sauti na kutoweka. Pale kaburini alikuwa amesimama mtu mmoja tu, aliyefika wakati huo huo kutoka upande wa pili, kipaza sauti mkononi, mdomo wazi. Mbwa alimwendea. Alijigeuza, akamwegemea Ildefons kwa ubavu wake wote, akaanza kunguruma.

Spika iliichukua ngurumo ile ikaivumisha kibanja kizima. Majani ya mgomba yalitetemeka. Ilikuwa kama mashine ya kukoboa kahawa imewashwa chini ya ardhi.

Kamugisha alikuwa amelirudia panga lake. Alisogea hatua moja, na hatua nyingine, akililenga shingo nene nyeusi.

"Usisogee," Ildefons alinong'ona. Alidhani ananong'ona, spika ilimtangaza kwa wote. "Kamugisha, usisogee, utamuudhi. Onesphory. Bojo, Onesphory, nakusihi. Mwite."

Onesphory alikuwa ng'ambo ya kaburi. Watu wote walimgeukia. Akinyamaza, panga litashuka na damu itamwagika juu ya mama yake. Akiita, ataita mbele ya kijiji kizima, kwenye msiba, jina lile, na hakuna mtu chini ya jua atakayeamini tena kwamba lilikuwa la daktari wa Nshambya.

"Nimwiteje, Ta Ildefons?" aliuliza. Hakuwa na dhihaka. Alikuwa anaomba ruhusa.

Jasho lilimtiririka Ildefons mpaka kwenye kola. Alimeza mate, na mmezo ule nao ukatangazwa.

"Mwite jina lake," alisema.

Onesphory alivuta pumzi.

"Balozi," aliita. "Balozi, kaa chini."

Mbwa akakaa chini.

Na Ildefons, ambaye alikuwa anategemea ule ubavu kusimama, naye akakaa. Akakaa puu, na koti lake jeusi, juu ya rundo la udongo wa kaburi.

Kisha bibi mmoja, rika la marehemu, alitoa kicheko chembamba puani. Alijitahidi kukizuia kwa khanga, khanga haikutosha. Akafuata mwingine. Kikaenea kwenye migomba, kikapanda mibunini kwa watoto, kikamshika hata Kamugisha mpaka akaliegemea panga lake kama fimbo. Watu walicheka huku wanalia, kwenye msiba, mbele ya sanduku ambalo bado halijafukiwa. Joyness, mke wa Ildefons, yule yule aliyeangushwa bombani, alikuwa amejifunika uso na mabega yanamtikisika, na hakuna aliyeweza kuapa kama alikuwa analia.

Onesphory na Ildefons peke yao hawakucheka.

Ildefons alinyanyuka. Alijikung'uta suruali, upande mmoja, upande wa pili. Alichukua udongo kiganjani, akautupa juu ya sanduku.

"Chama kimetimiza wajibu wake," alisema kwenye kipaza sauti. Akakiweka chini taratibu, akapita kati ya watu, akavuka milamula, akaenda kwake. Joyness akamfuata.

* * *

Alasiri watoto walikuwa wanamkuna mbwa tumbo. Kamugisha alimjaribu kwa kipande cha ndizi, mbwa akakipokea kwa midomo laini kama mtu anayepokea ekaristi.

"Kumbe mpole!" alisema Kamugisha. "Sasa kule kunguruma?"

"Furaha," alisema Onesphory.

"Ajabu. Tungeua bure." Alijifuta mikono, akatafuta kofia yake.

"Unaenda wapi? Watu hulala msibani."

"Hulala, ndiyo." Kamugisha aliivaa kofia, akaivua, akaizungusha mkononi. "Ndugu yangu, mbwa simwogopi tena, usinielewe vibaya. Lakini yule kaondoka." Alionyesha kwa kidevu, ng'ambo ya milamula. "Yeye kaondoka, mimi nibaki kama nani? Kesho nikitaka anigongee muhuri kwenye barua ya mwanangu, ataniuliza nililala wapi."

"Ni wewe uliyecheka, Kamugisha. Mimi sikucheka."

"Najua. Wote tumecheka. Ndiyo maana hatuwezi kukaa."

Akaenda. Wengine walikwenda mmoja mmoja, kwa sababu mbalimbali: ng'ombe, mtoto mwenye homa, mvua iliyokuwa haijaonekana popote. Kila mmoja alimpa Onesphory mkono, na wengi walimpapasa mbwa kichwani. Datius alikuwa wa mwisho. Alikunja waya wa kipaza sauti bila kumtazama mtu usoni.

Jua lilipoanza kuzama, Benadetha alifunua masufuria. Ndizi na maharage ya kulisha kijiji yalikuwa yanatoa mvuke, na uani kulikuwa na benchi tupu, nyasi zilizotandikwa kwa ajili ya walalaji, na kikapu cha buni kimejaa mpaka juu. Mbwa alizunguka. Alinusa benchi moja, akalinusa la pili, akasimama mbele ya kila mahali palipokuwa na mtu, akitafuta wa kumsalimia. Alipokosa, alienda mpaka kwenye milamula, akalala pale mpakani, kichwa juu ya miguu, akiitazama nyumba ya ng'ambo.

Kule ng'ambo, Ildefons alikuwa amekaa kibarazani kwake, bado amevaa lile koti lenye udongo. Alikuwa anawatazama.

"Mwite aingie," alisema Benadetha. "Akikaa pale watamtupia sumu."

Onesphory alisimama mlangoni. Alifungua mdomo. Jina lilikuja mpaka kwenye ulimi, jepesi, la silabi tatu, likakaa pale. Ng'ambo, mwanamume kibarazani aliinua uso kidogo, akisubiri kulisikia.

Onesphory alifunga mdomo. Alivua viatu, akatembea kibanja chote mpaka mpakani bila kusema neno, akainama, akamkumbatia yule mbwa mzito kifuani kama mtu anayebeba mgonjwa. Akarudi naye, hatua kwa hatua, na mbwa alikuwa ananguruma njia nzima.